Matone ya Ijumaa Chini ya Gari la Athumani

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasema ahsante, nikakaa. Haukuwa unyenyekevu, nilikuwa na pilau mdomoni. Sasa niko nyumbani, mikono imeanza kutakata mpaka mke wangu ananitazama kama mgeni wa hoteli, na maneno yamekuja yenyewe. Basi nayaandika, mafundi wenzangu wa Ukunda, nanyi mtayasoma mkingoja spea zifike kutoka Mombasa, maana muda wa kungoja mnao. Mambo ya nani alipandishwa cheo na nani alilipwa vizuri hayamo humu. Anayeyataka aende kwenye kibanda cha kahawa. Huko yako mengi kuliko yaliyotokea.

Nilianzia Msambweni, kwa Fundi Mbwana, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mfupi, mkali wa jicho, na kofia yake ya kiua haikuwahi kuingia doa la oili, jambo ambalo mpaka leo sijui alilifanyaje. Siku ya kwanza nilikwenda na suruali mpya nikidhani nitakabidhiwa spana. Alinipa boksi lililokunjuliwa, akaniambia nilale juu yake chini ya lori. Akauliza ninaona nini. Nikasema oili. Akauliza iko wapi. Nikasema iko chini. Akanijibu kwamba hapo chini hata kuku anaiona, akaniacha nimelala mpaka adhuhuri.

Nilipotoka nilikuwa nimejua kitu ambacho kimenilisha maisha yangu yote. Kitu kinapodondoka chini ya gari huwa kimeshatembea. Kinatokea juu, kinafuata chuma, upepo wa safari unakisukuma nyuma, kinaangukia mahali pasipo pake. Fundi mvivu hufungua pale pale panapodondoka. Fundi Mbwana yeye aliosha injini, akaikausha, akaipaka unga wa muhogo kwa brashi ya rangi, akawasha gari na kukaa kwenye kigoda. Unga ukilowa unakuchorea njia yote. Wateja wengine walidhani ni uganga, naye hakuwasahihisha, kwa sababu waliodhani hivyo walingoja kwa adabu zaidi.

Tabia yake moja sikuirithi, nayo ni kuonja. Alikuwa akigusa tone kwa ncha ya kidole na kulipeleka ulimini, halafu anatangaza: maji ya rejeta, oili ya breki, dizeli. Hakukosea. Kisha akaja mwalimu mmoja wa shule na gari lililolowa kwenye gurudumu la nyuma kila asubuhi. Fundi Mbwana akaonja, akakunja uso, akaonja tena. Mwalimu akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba jirani yake amenunua mbwa. Fundi Mbwana alisukutua mara saba kwa maji na mchanga kama sheria ya dini inavyotaka, na kuanzia siku ile tulinusa tu. Nanyi nuseni. Baadhi ya maji ya gari ni sumu, na mengine hata si ya gari.

Nilipohamia Ukunda utalii ulikuwa umeshika kasi, na nikakutana na ugonjwa mpya. Mtu anakuja mbio, jasho linamtoka, gari linavuja, linavuja vibaya sana. Ninatazama, ninagusa, ninanusa, ninamwambia azime kiyoyozi. Kiyoyozi hutoa maji. Ndiyo kazi yake, na kwa joto letu hutoa ya kutosha kunywesha mbuzi. Wengi nimewaponya hivyo, na wachache waliondoka wakininung'unikia kwa kuwa sikufungua chochote.

Sasa niwape kisa cha Athumani, kwa sababu ndicho mnachoniuliza kila mara, na kila mmoja wenu anakisimulia vingine.

Athumani ni mtu wa Kinondo. Anachukua wageni kwenye hoteli za Diani na Galu, anawapeleka Shimoni wavuke kwenda Wasini, na siku nyingine anawapandisha Kwale wakatazame ndovu wa Shimba. Gari lake, van nyeupe, aliuziwa na Hamisi wa Msambweni, ambaye ni mume wa dada yake Mwanajuma. Hamisi na Athumani walikuwa marafiki kabla ya kuwa mashemeji. Kwa kweli ni Athumani aliyemsemea Hamisi kwa mama yake alipokuja kuposa. Hilo mliweke akilini.

Alinijia Jumamosi moja akiwa na picha kwenye simu. Kwenye sakafu nyeupe ya hoteli kulikuwa na matone ya rangi ya machungwa, mengine yakikaribia wekundu, chini kabisa ya gia boksi. Askari wa lango, kijana wa bara, alikuwa amemwambia, "Mzee, gari inachafua compound, kesho park huko nje." Na fundi fulani wa kando ya barabara, ambaye hakulala chini, alimwambia hiyo ni oili ya gia boksi na kwamba gia boksi iko njiani kufa. Athumani hakungoja maoni ya pili. Moyoni mwake alikwisha kuamua kwamba Hamisi alijua ubovu huo siku aliyomuuzia.

"Shemeji amenila," aliniambia. Alilisema polepole, na niliona linamuuma kuliko gari lenyewe.

Nilibaki na gari kwa siku kadhaa. Nilitandika boksi jipya chini yake kila asubuhi na kila jioni. Oili ya gia boksi ilikuwa kwenye kipimo chake, safi, nyekundu kama inavyotakiwa. Nilikwenda nalo mpaka Msambweni na kurudi, nikapanda nalo Kwale injini ikinguruma, nikalipaka unga wa muhogo mpaka likafanana na andazi. Hakuna tone. Nilimrudishia Athumani Alhamisi nikamwambia gari ni zima, na nikafurahi kama daktari.

Ijumaa lilidondosha. Alikuja nalo moja kwa moja kutoka hotelini, akanionyesha tu kwa kidole. Nikalala kwenye boksi. Tone lilikuwa limening'inia chini ya gia boksi, nikalipokea kwa kidole na kulisugua. Halikuteleza. Nikalitia kwenye karatasi. Oili huacha duara la mafuta, hili lilikauka likabaki rangi tu. Maji, basi. Nikalinusa, nikasimama kulinusa, nikatoka nje ya gereji kwenye upepo nikalinusa tena. Lilikuwa linanukia waridi.

Miaka yote hiyo nimenusa petroli, kamba waliooza, maziwa ya mtoto yaliyomwagika kwenye zulia, na harufu nyingine ambazo heshima inanizuia kuzitaja. Waridi sijapata. Harufu ile niliijua, ila sikuwa na mahali pa kuiweka chini ya gari. Nikafuata njia yake kwa tochi. Chini ya injini kuna kile kifuniko cha plastiki. Maji yalikuwa yakiangukia hapo kutoka mbele, yakitambaa mpaka mwisho wake, ndipo yakadondoka chini ya gia boksi isiyo na hatia. Na huko mbele yalitokea kwenye lile tangi dogo la maji ya kuoshea kioo, ambalo lilikuwa na ufa kwenye kitako. Nikafungua kifuniko chake. Lilikuwa karibu tupu, kuta zake zimekuwa za manjano, na waridi lilinipiga usoni.

Nilimuuliza Athumani anatia nini humo. Akasema hatii kitu. Pampu yake ilikufa zamani, kioo anaosha kwa chupa na gazeti. Basi kuna mtu anatia, nikasema. Uso wake ukabadilika. Akanikumbusha kwamba Hamisi na Mwanajuma huja Kinondo kila Alhamisi kula chakula cha jioni kwa mama, na gari hulala uani. Msimu wa wageni unaanza, akasema, na Hamisi amejuta kuuza. Sasa anatia dawa yake alichafue gari mpaka alirudishiwe kwa bei ya kutupa. Nilimwambia hakuna dawa ya kuharibu gari inayonukia namna ile. Hakusikia. Ijumaa inayofuata, baada ya sala, ukoo ungekaa, naye alikuwa ameshamwambia mjomba wake atakachosema. Na Hamisi naye alikuwa amejibu kwamba siku akiitwa mwizi mbele za watu, ataondoka, na nyumba ya wakwe zake hataikanyaga tena.

Niliomba kitu kimoja tu: siku hiyo nilione gari asubuhi kabla halijaondoka. Akakubali, akaniambia nije alfajiri ikishapita, yeye hukawia msikitini akisoma.

Nilifika Kinondo kukipambazuka. Nikaingia uani na kumkuta mama yake, Bi Mwanasiti, amesimama mbele ya gari. Boneti ilikuwa wazi, ameitegemeza kwa mwiko wa kusongea ugali. Mkono mmoja ulikuwa na bakuli jeupe, mwingine umeshika kifuniko cha lile tangi. Marehemu mumewe alikuwa dereva wa lori. Mwanamke yule alijua kufungua boneti kabla hata sijazaliwa ufundi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, fundi. Umewahi."

Hakushtuka wala hakuficha. Akamimina mpaka mwisho, akalitikisa bakuli, akaifunga boneti kwa upole. Na mimi ndipo nikapata mahali pa kuiweka harufu ile. Kwa wale wenu mliotoka mbali: kwetu mtu akiugua, au akiwa na safari inayomtia hofu, huandikiwa aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji na marashi ya waridi, akanywa. Hilo ndilo kombe. Nimelinywa mtoto, nimelinywa mkubwa. Kuliona likinyweshwa gari, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nilimuuliza, kwa adabu niliyokuwa nayo yote, kwa nini gari. Akaniambia baba yake Athumani alikunywa kila Ijumaa miaka yote ya lori, akaenda mpaka Kongo na kurudi, na akafa kitandani kwake. "Huyu hanywi. Nikimpa, ananibusu kichwa, anasema mama hayo ya zamani, anakwenda zake. Basi nikasema, kama mwenyewe hanywi, nitakinywesha anachopanda."

Nilitamani nimwachie hapo. Lakini ukoo ungekaa mchana ule, na nisingeweza. Nikamwambia tangi lina ufa.

Alilitazama gari. Halafu akauliza, "Kwa hivyo lote limekuwa likimwagika chini?"

"Lote, mama."

"Na watu wakilikanyaga."

Aliketi kwenye kizingiti na bakuli mapajani. Nilikumbuka kitambaa nilichofutia matone yale na kukitupa kwenye pipa la takataka, nikaona haya, ingawa nani angejua. Jioni ile nilikitafuta, nikakiosha kwa maji mengi, na maji yake nikayamwaga chini ya mnazi ambapo hapapiti mtu. Lakini asubuhi ile kulikuwa na neno la pili, zito kuliko la kwanza. Nilimwambia kwamba matone hayo ndiyo anayoshitakiwa Hamisi. Yeye alijua wanawe wamegombana juu ya gari linalovuja oili, na hakuwahi kuyahusisha. Oili ni oili, na yeye alikuwa akitia kitu kitakatifu. Maombi yake yalikuwa yamekaribia kuvunja ndoa ya binti yake, na hakuna njia laini ya kumwambia mtu jambo hilo. Akaniomba nisiseme chochote mpaka yeye mwenyewe aseme. Nikamwahidi.

Baada ya sala walikaa barazani. Mjomba Bakari, kaka yake Bi Mwanasiti, alifungua kwa dua na kuwakumbusha watu wazungumze kama ndugu. Athumani alizungumza kama mshitaki. Alianza na gia boksi, akaja kwenye matone, akamaliza na Alhamisi za jioni. Mwanajuma alikuwa ndani nyuma ya pazia, na kilio chake kilisikika. Hamisi alisikiliza akitazama mkeka.

"Gari nitalichukua," akasema alipopewa nafasi. "Nitakurudishia chako chote. Lakini hapa sitaingia tena, na Mwanajuma achague."

Athumani akanigeukia. "Fundi, sema mbele za watu. Gia boksi ni mbovu ama nzima?"

"Nzima."

"Na lile linalodondoka ni nini?"

Nilitazama mlangoni. Sijui ningefanya nini kama pazia lisingefunguka, na nashukuru sikulazimika kujua. Bi Mwanasiti alitoka na bakuli lile lile, limefunikwa kwa kawa, akaliweka katikati ya mkeka na kulifunua. Waridi likajaa baraza yote.

"Linalodondoka ni hili," akasema. "Hamisi hajaligusa gari lako. Anayelifungua ni mimi, kila Ijumaa, wewe ukiwa msikitini."

Athumani alilitazama bakuli, kisha mama yake. Nadhani alikuwa akitafuta hasira yake na haioni ilipokwenda. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu wewe hunywi."

Athumani akainuka, akaenda alipokaa Hamisi, akapiga magoti, akamshika mikono yote miwili na kumwomba msamaha kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Hamisi alikuwa ameumia, na mtu aliyeumia hapoi kwa kuambiwa. Mwishowe akasema, "Mpe mama haki yake kwanza."

Athumani akarudi, akakaa mbele ya mama yake, akalishika bakuli, akasema bismillahi na kunywa. Alipofika nusu akasita. Akalinyoosha kwa Hamisi. Hamisi alilitazama muda mrefu kiasi cha mimi kuanza kuomba, kisha akalipokea na kulimaliza. Bi Mwanasiti akajifunika uso kwa leso. Mimi nilisema nakwenda kutazama gari, na nikaenda nyuma yake nikasimama huko, kwa sababu macho yangu hayakuwa ya kuonyesha watu.

Nilimfungia tangi jipya na pampu inayofanya kazi, na ndani yake mna maji matupu. Van ile bado iko barabarani, na Hamisi bado anakula Kinondo Alhamisi. Athumani siku za Ijumaa huchelewa kidogo hotelini. Akiulizwa husema alikuwa na shughuli nyumbani, na hawamuulizi zaidi.

Siku yangu ya mwisho kazini, kabla ya lile pilau, alikuja nalo. Nikamuuliza lina nini. Akasema halina kitu, nilitazame tu. Nikatandika boksi, nikalala chini yake, magoti yakilalamika, nikaangaza tochi kuanzia mbele mpaka nyuma. Kukavu kabisa. Nilikaa pale chini zaidi ya ilivyohitajika, nikimkumbuka Fundi Mbwana na kofia yake, na nilipotoka Athumani alikuwa ameshika chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Rangi yake niliijua kabla hajaifungua.

"Mama amekusalimu," akasema. "Anasema wote wanaosafiri wanakunywa, na safari yako ndiyo kwanza inaanza."

Nilinawa mikono kwa sabuni mpaka ikawa ya kustahili. Kisha nikainywa chupa yote nikiwa nimeketi kwenye boksi langu, taratibu, na halikudondoka hata tone.